Mtu Aliyempa Nungunungu Sauti

Alikuwa na kopo la maziwa ya unga la kutemea mate, na aliliweka mezani karibu na kipaza sauti kuliko glasi yake ya maji. Naanza na kopo kwa sababu ndilo linalonijia kwanza nikimkumbuka, na mpaka leo nikiona kopo la aina ile dukani nageukia rafu nyingine. Alikuwa akitafuna mchele mbichi. Mchele wetu wa Kyela, ambao watu wa Dar es Salaam wanauagiza kwa simu na kwenda kuusubiri stendi, yeye aliubugia kiganja kwa kiganja, akausaga mpaka ukawa uji mweupe, halafu akautema kwenye kopo katikati ya sentensi. Alisema unasafisha sauti. Sisi tuliokaa mbele tulisikia kila kitu mara mbili, kutoka mdomoni mwake na kutoka kwenye spika: meno yakisaga, kisha ule uji ukitua.

Tulimwita Mtafsiri. Ana jina la ubatizo na jina la ukoo, lakini nikiyaandika hapa nitakuwa nimempa heshima ya kutambulishwa, na leo sijisikii. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya televisheni kwenye kibanda umiza cha video cha nyuma ya soko, Kyela mjini, na kutusemea filamu. Filamu zilikuja na Kiingereza chake, Kichina chake, Kihindi chake. Yeye alishusha sauti ya televisheni, akawasha kipaza sauti, na kuanzia hapo stelingi alikuwa yeye, adui yeye, mama wa stelingi yeye, mbwa yeye, na mlango unaogongwa pia yeye. "Wao wanatoa picha," alikuwa akisema, "mdomo natoa mimi." Alisema hivyo akijipiga kifua, nasi tulimpigia makofi.

Leso alikuwa nayo moja. Aliifutia jasho, akaifutia kipaza sauti, akapengea kamasi, na CD ikikwama aliitoa kwenye deki, akailamba kwa ulimi mzima kuanzia katikati mpaka ukingoni, akaifuta kwa leso ileile na kuirudisha. Na ilicheza! Hilo ndilo lililokuwa linaudhi. Mwenye banda, mfanyabiashara wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, aliwahi kumwambia mbele yetu, "Bwana, hiyo deki nimeinunua, sikuiokota." Mtafsiri alicheka, akatema kwenye kopo, akaendelea. Mwenye banda alimvumilia kwa sababu bila yeye watu wasingeingia. Kulikuwa na joto la mabati, jasho la watu sitini, na harufu ya usipa, wale dagaa wa ziwani, wanaokauka kwa akina mama wa jirani, na bado tulijazana mpaka mlangoni.

Kiingereza hakukijua, na hakulificha hilo. Alitazama midomo ya watu kwenye picha, akakisia. Mwanamume akipaza sauti, anadai mke wake arudi. Mwanamke akilia, amefiwa. Wawili wakinong'ona, wanamsengenya wa tatu. Mara nyingi alipatia, au sisi tuliona amepatia, maana hapakuwa na wa kumsahihisha. Katuni za zamani zilichorwa kwa mkono, na wachoraji walibana kazi: mtu akikimbia ukumbini, pazia lilelile na taa ileile vinapita nyuma yake mara kumi. Mtafsiri hakukubali kwamba tunaonyeshwa kitu kimoja, akataja vijiji vya huku kwetu. Pazia la kwanza likipita alisema, "Hapo wanaiacha Ngonga." La pili, "Mwaya hiyo, mnawaona watu wanapalilia?" La tatu, "Wakikaza mwendo hivi, meli ya Itungi wanaiwahi." Tulicheka mpaka tukaegemeana, na tulipotoka nje barabara ya kwetu ilionekana ya kuchekesha pia.

Alikuwa na kipaji. Nalikubali hilo kama mtu anavyokubali kwamba jirani yake mlevi anajua kupika. Kipaji chenyewe kilikuwa kuiga watu. Muuza usipa, mkata tiketi wa stendi, mzee wa kanisa anayetoa matangazo, wote walikuwa kooni mwake. Alimpa adui wa Kichina sauti ya mkata tiketi, na kesho yake mkata tiketi alisimama stendi akipokea salamu kama mtu aliyepandishwa cheo. Watu walitamani kuigwa. Walipita mbele ya banda wakiongea kwa nguvu makusudi, ili awasikie na kuwachukua.

Na alikuwa na sheria zake, ambazo ukizisikia utadhani ni mtu msafi. Matusi hayakutoka mdomoni mwake hata mara moja. Wahusika wakianza kubusiana alisimama akaziba televisheni kwa kofia yake, na kofia haikushuka mpaka wamalize, hata kama adui anaingia dirishani na bunduki. Mtoto aliyeingia bila kusalimia alitolewa nje akaingie upya na kusema "Mugonile" kwa adabu. Mdomo uliokuwa ukitudai adabu ulikuwa na uji wa mchele pembeni.

Katuni tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya korongo mpelelezi. Korongo alivaa kofia na miwani, na msaidizi wake alikuwa konokono aliyefika kwenye kila tukio likiwa limekwisha. Katika kipande ninachotaka kukisema, walikuwa kwenye nyumba kubwa ya kiboko tajiri ambako vitu vilipotea: kinara cha mshumaa, saa ya ukutani, mto wa manyoya. Ndani ya nyumba hiyo alikuwemo mtumishi, nungunungu mwanamke mwenye kilemba. Kila kiboko alipopita ukumbini, nungunungu alijitupa nyuma ya pazia akachuchumaa, miiba ikitokeza kwa juu. Waliotengeneza katuni walitaka tumshuku, nasi tulimshuku.

Sasa niseme habari za shangazi yangu, dada yake baba. Aliolewa kwenye familia ya wakulima wa kakao na mpunga pembeni mwa mji, nami nilikaa kwake nikisoma shule ya msingi. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hamwangalii, hamsemeshi, halitaji jina lake. Siku hizi wengi wameacha, wanakaa sebule moja na kutazama taarifa ya habari pamoja, lakini ile familia ilishika. Shangazi akiwa njiani na ndoo kichwani, akisikia kengele ya baiskeli ya mzee, baba mkwe wake, alitua ndoo, akaingia kwenye mpunga, akachuchumaa amegeuza mgongo na khanga imefunika uso, mpaka baiskeli ipite. Mzee naye alipiga kengele mapema, toka mbali, ili kumpa nafasi. Akipita alikaza macho mbele. Chakula cha mzee alikipika Shangazi, na kwa kuwa yeye hakuruhusiwa kukifikisha, nilikipeleka mimi. Sahani ilirudi nyeupe kila siku, na Shangazi aliitazama kabla ya kuiosha, akafurahi. Walikuwa watu wawili wanaoheshimiana sana bila kuwahi kuambiana neno.

Msimu mmoja magunia mawili ya kakao kavu ya mzee yalipotea, yakiwa yamekwisha kushonwa tayari kupelekwa ghalani. Nani alichukua haikujulikana, na mpaka leo haijulikani. Wiki ileile, Jumapili mchana baada ya ibada, Mtafsiri akaweka ile katuni ya kiboko.

Nungunungu alipojitupa nyuma ya pazia mara ya kwanza, Mtafsiri alitema kwenye kopo, akakisogelea kipaza sauti, akakohoa. Vikohozi viwili vifupi, kimoja kirefu, halafu "Ee tata!" ya kushusha pumzi. Shangazi alikuwa na kifua cha moshi wa jikoni, na kila mtu aliyewahi kununua maandazi yake sokoni alikijua kile kikohozi. Watu wakageukiana, wakitafuta wamekisikia wapi. Ndipo kutoka mstari wa mbele mtoto wa darasa la nne akapaza sauti kwa furaha, "Huyo Shangazi!" na akamtaja kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama sokoni walivyomwita, ili pasiwe na shaka.

Mtoto huyo ni mimi.

Mtafsiri aliruka kitini. "Mtoto amepatia!" alitangaza, akaingiza mkono mfukoni na kunipa mchele wake wa kutafuna kama zawadi. Niliutafuna. Ulikuwa na chumvi ya jasho na vipande vya tumbaku, na niliutafuna kwa kujivuna. Baada ya hapo hakuzuilika. Kiboko akapewa baiskeli, kinara kikawa gunia la kakao, ukumbi ukawa njia ya kwetu ya mpungani. Mwishoni korongo alipovuta pazia, Mtafsiri alitumia ile sauti yake nzito ya hukumu: "Kumbe anayejificha kila siku ana anachokificha!" Watu wazima walisimama wakashangilia.

Hapa ndipo anaponitapisha kuliko kopo lake. Alijua. Mama yake mwenyewe alimkwepa baba mkwe wake kwa kuchuchumaa hivyohivyo mpaka yule mzee alipozikwa, na Mtafsiri alikuwa akitusimulia habari hiyo kwa sifa, kwamba mama yake alilelewa vizuri. Angekuwa mgeni aliyeletwa na lori ningesema hakuelewa alichokiona. Yeye alichukua adabu ya mwanamke mbele za watu, akaigeuza ushahidi wa wizi, kwa sababu tu mkoba wake wa vichekesho siku ile ulikuwa mwepesi.

Kesho yake sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Wali haujachimbwa, samaki ana macho yake. Shangazi aliifunua, akaifunika, akanitazama. "Anaumwa?" akauliza. Nikasema haumwi, amekula ndizi za kuchoma alizopelekewa na binti yake. Nilijua maneno ya bandani yamemfikia, nikaficha.

Fikiria shida yake. Hakuweza kwenda kwa mzee akamwambia, "Baba, sikuchukua." Mdomo wake haukuruhusiwa kufika kule. Mzee naye hakuweza kumwita na kumuuliza. Mume wake alikuwa akifanya kazi Mbeya, na ni mtu ambaye kwa kila jambo anasema "yataisha". Maneno yalipita kwa mawifi, na mawifi walikuwa na yao. Basi Shangazi akafanya kitu kimoja alichokuwa nacho, akaendelea kupika. Kila siku alipika, kila siku nilipeleka, kila siku ilirudi imejaa, nasi tukala chakula kilichokataliwa. Ilikuwa hivyo mpaka mzee alipofariki, na wakati huo nilikuwa nimekwishaingia sekondari. Njiani bado alitua ndoo na kuingia mpungani, lakini kengele ya baiskeli haikupigwa tena mapema. Mzee alimpita tu.

Sokoni wakamwita Mama Chuchumaa. Waliomwita hivyo walikuwa wateja wake, watu wenye watoto na vitabu vya nyimbo, wakitafuna maandazi yake huku wakimwita. Na Mtafsiri alikuwa mmoja wao. "Mama, nipe matatu," alisema, akapokea, na kabla hajaondoka akakohoa, viwili vifupi, kimoja kirefu, akakonyeza. Aliamini ni utani baina yao. Nadhani aliamini kwamba Shangazi naye, kama mkata tiketi, amepandishwa cheo.

Nimejitahidi kumchukia mtu huyu bila kuacha upenyo, na amekataa. Mama yake alipopooza alimuuguza mwenyewe, miaka, akamwogesha, akamlisha, akambadilisha nguo, kazi ambayo wanaume wengi wa kwetu wangemwachia dada. Aliifanya kwa mikono ileile, sijui na leso ileile. Kwenye misiba hakuwahi kukosa, na kwenye msiba wa yule mzee, baba mkwe wa Shangazi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika sepetu. Nilimwona ametoka shimoni, udongo mpaka kwenye nyusi, anapumua kwa shida. Shangazi alikuwa amekaa mbali na jeneza, amegeuza mgongo, amefunika uso. Mtafsiri alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakukohoa. Nikadhani ameelewa. Wiki iliyofuata akakohoa.

Miaka ikapita. Nilisoma, nikawa mwalimu wa sekondari, nikarudi kufundisha huku huku. Mtafsiri akazeeka, meno yakaisha, akawa anauacha mchele ulowe mdomoni mpaka ulainike wenyewe, jambo ambalo sikudhani linaweza kuwa baya kuliko lile la kwanza. Banda lilijengwa kwa tofali, likapata televisheni bapa, likawa la mpira. Kazi ya kutafsiri ilikufa, kwa sababu filamu sasa zinakuja zimekwishasemwa na vijana wa mjini. Yeye alibaki akifagia na kukata tiketi.

Mwaka huu ikatoka filamu mpya ya korongo. Filamu nzima, ndefu, imetengenezwa kwa kompyuta, kila unyoya unauona, lakini waliotengeneza ni watu walioipenda ile ya zamani, na walitaka tujue. Inaanza kwa mstari wa kalamu unaotetemeka na sauti ya kukwaruza. Konokono anachelewa vilevile. Wanapokimbia ukumbini pazia moja linapita mara kumi, makusudi, na safari hii konokono anageuka kulitazama pazia na kushangaa. Niliitazama kwenye simu mwezi wa likizo, nikacheka peke yangu jikoni. Halafu nikaacha kucheka. Fumbo jipya linawarudisha kwenye nyumba ya kiboko, na katikati wanaonyesha vile vipande vya zamani na kueleza kilichotokea. Kiboko alikuwa akitembea usingizini na kuficha vitu vyake mwenyewe. Nungunungu hakuiba kitu. Alikuwa akijificha kwa sababu bwana wake ni mkali kwa watumishi na alimwogopa. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, kwa maneno ya Kiingereza tu, kwenye CD iliyolambwa. Mwishoni mwa filamu mpya korongo mzee anamwendea nungunungu, naye kazeeka, anavua kofia na kumwomba radhi. Nungunungu anamwangalia muda mrefu, mdomo umefungwa. Kisha anachukua ufagio wake na kutoka. Niliirudia sehemu hiyo.

Nilimkuta Mtafsiri bandani mchana, anapanga viti.

"Mugonile, tata."

"Ndaga, mwanangu. Mwalimu umekuja kutazama mpira? Leo hakuna."

Nikamwonyesha kwenye simu, nikimweleza Kiingereza neno kwa neno. Alishika simu karibu na pua. Ilipofika kiboko anatembea usingizini, alipiga paja. "Kumbe mwenyewe! Ee, hiyo ningeifanya vizuri sana. Ningemkoromesha." Akaanza kukoroma, mate yakimtoka kwenye fizi, akifurahia kichekesho alichokikosa.

"Mzee," nikasema, "yule nungunungu hakuwa mwizi."

"Naona."

"Sahani ilirudi imejaa miaka yote ile. Baba mkwe wake alikufa hajala tena chakula cha Shangazi."

Alinirudishia simu. Alitafuna kitu ambacho hakikuwepo. "Mimi nilikohoa tu, Mwalimu," akasema polepole. "Jina lilitoka mstari wa mbele."

Sijui kama alisema kwa kuniumiza au kwa kuwa ni kweli. Kisha akasema yeye mwenyewe, bila kuombwa, "Nitalisema. Mwenye banda atanipa Jumamosi saa tisa, niitafsiri hii kwa mara ya mwisho. Nitasema mbele ya watu wote kwamba hakuiba. Mlete asikie kwa masikio yake."

"Si uende kwake ukamwambie? Ni hatua chache."

Akatazama viti. "Bila kipaza sauti huwa sisemi vizuri."

Ningepaswa kuondoka hapo. Badala yake nilifurahi, nikaenda mbio kwa Shangazi kama nimebeba zawadi. Alikuwa jikoni anachagua mchele kwenye ungo, anatoa mawe. Nikamweleza yote. Hakuinua kichwa.

"Anataka kunisemea tena?"

"Anataka kusema ukweli, Shangazi. Mbele ya walewale."

"Ukweli wangu anao yeye?" Akatoa jiwe, akalirusha uani. "Hivi, mwanangu, miaka yote hii, kuna mtu aliyeniuliza?"

"Kukuuliza nini?"

"Kama nilichukua. Mume wangu hakuniuliza. Mawifi hawakuniuliza. Yule mtu amekula maandazi yangu mpaka meno yakamwisha, hajaniuliza. Wewe umekulia hapa, hujaniuliza. Jibu ninalo, nimelikalia, sina wa kumpa. Angekuja hapa jikoni akaniuliza, ningemjibu, basi, yakaisha."

Nilifungua mdomo nimuulize. Nikaona haya, kwa sababu ningeuliza jambo ambalo jibu lake nalijua, na ningeonekana naigiza. Nikasema, "Basi njoo Jumamosi." Akaweka ungo chini, akasema atakuja kwa sababu nimemwomba mimi.

Jumamosi banda lilijaa kama zamani. Watoto mbele, na nyuma yao wazazi wao, wale tuliokuwa watoto pamoja. Shangazi alikaa karibu na mlango amejitanda khanga, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia humo. Mtafsiri alivaa shati la kanisani. Kopo lilikuwepo. Alipowasha kipaza sauti, nilisikia mate yake kabla ya sauti, na moyo wangu ukaruka kwa furaha, najichukia kwa hilo, lakini ukaruka.

Alikuwa hodari kuliko vijana wote wa mjini. Pazia lilipopita alisema, "Hapo wanaiacha Ngonga," na watu wazima wakapiga kelele, wengine wakafuta machozi. Nungunungu alipojitupa nyuma ya pazia, kutoka nyuma mtu akaita, "Mama Chuchumaa!" na vicheko vikafuata. Nikamtazama Shangazi. Alikuwa ametulia, mikono magotini. Mtafsiri akainua mkono. "Subirini," akasema, "huyu msimcheke. Tulikosea." Akaendelea. Alipofika kwenye kiboko anayetembea usingizini aliieleza vizuri, bila mzaha, akasema, "Huyu mama hakuiba. Hakuiba kinara, na hakuiba kakao. Alikuwa na adabu zake, nasi tukamvunjia heshima." Watu waligeuka kumtazama Shangazi. Nikasema moyoni, sasa imekwisha, amelifanya.

Kumbe filamu ilikuwa bado. Korongo akavua kofia, akaomba radhi. Nungunungu akamwangalia, mdomo umefungwa, na kimya kile kikawa kirefu, kirefu mno kwa Mtafsiri. Nilimwona anahangaika kwenye kiti. Maisha yake yote hakuwahi kuacha mdomo uliofungwa upite. Akatema kwenye kopo, akakisogelea kipaza sauti, akakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu.

"Ee tata!" akasema kwa sauti ya Shangazi. "Yamepita hayo. Nimewasamehe. Nimewasamehe wote, wakubwa kwa wadogo. Na wewe Mtafsiri, nimekusamehe kwa moyo mweupe."

Sijawahi kusikia makofi kama yale humo ndani. Wanawake walilia. Yeye mwenyewe alilia, machozi ya kweli, akayafuta kwa leso na kupengea humohumo, na watu wakaenda kumshika mabega. Nungunungu kwenye televisheni alikuwa amekwishachukua ufagio na kutoka, hakuna aliyemwona.

Nilimshika Shangazi mkono ili tutoke, lakini mlango ulikuwa umezibwa. Walikuwa wamejipanga. Wa kwanza alikuwa muuza nyanya ambaye meza yake iko jirani na ya Shangazi sokoni, mtu wa kumwita lile jina kila asubuhi. Alipiga goti, akaushika mkono wa Shangazi kwa mikono yake miwili.

"Ndaga fijo, mama. Asante sana, umetusamehe."

"Mimi sijasema kitu," Shangazi akasema.

"Tumesikia, mama," yule mwanamke akajibu, akitabasamu na machozi yakimtoka, akasimama kumpisha aliyekuwa nyuma yake.